Nilivyoitambua bendi iliyopiga wimbo wa kaseti ya mama

Mama ana kaseti aliyorekodi kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake kuna wimbo anaoupenda kuliko yote, ila mwanzo wake haumo, na jina la bendi limepotea hapo. Yeye miaka yote anasema ni Tabora Jazz. Mjomba, aliyeishi sana Dar, hakubali: "Mjomba, hao ni Western Jazz, nisikilize mimi!"

Hoja yake ilikuwa na uzito. Western Jazz ilikuwa na makao Dar es Salaam, lakini mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alitoka Nzega, mkoani kwetu Tabora. Na huwezi kumaliza ubishi kama huo kwa kutafuta santuri tu. Nyimbo nyingi zilirekodiwa studio za redio na kubaki kwenye maktaba yake ya kanda. Santuri zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi, na si kila wimbo ulifika huko.

Nikakumbuka mitindo. Kila bendi ilikuwa na wake, na waimbaji walikuwa wakiutaja gitaa la solo linapochemka: NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz Saboso, Tabora Jazz Segere Matata. Kwa hiyo jibu huenda lilikuwa mle mle kwenye wimbo. Tatizo, sauti zilisikika nyembamba na za haraka mno, maneno yanapishana.

Nikamuuliza mama alirekodi kwa kutumia nini. "Redio kaseti ya betri, baba. Betri zenyewe tulikuwa tunazianika juani zipate nguvu kidogo." Hapo ndipo nilipoelewa. Betri zikiwa dhaifu, mota huzungusha mkanda polepole wakati wa kurekodi. Ukiupiga baadaye kwenye mashine yenye umeme kamili, mkanda unakimbia kuliko ulivyorekodiwa, na sauti zinapanda.

Nikaunganisha redio kaseti na kompyuta, nikauingiza wimbo, kisha nikaanza kupunguza mwendo kwa programu ya kuhariri sauti. Kipimo changu kilikuwa mtangazaji. Mwisho wa wimbo anatamka maneno machache kabla mkanda haujakatika, na kwenye kaseti alisikika kama mtoto. Nilipunguza kidogo kidogo mpaka akawa mwanamume mzima anayeongea kwa utulivu wa watangazaji wa enzi zile.

Nikarudi kwenye chemko. Tarumbeta zikanyamaza, solo likabaki na tumba, halafu nyuma kabisa mtu akaita: "Segere!" Wenzake wakaitikia: "Matata!"

Sikutaka kuamini masikio yangu peke yake. Nikampelekea mzee mmoja wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini, aliyewahi kupiga gitaa. Baada ya shikamoo nikamvalisha vifaa vya masikioni bila kumwambia lolote kuhusu ubishi wetu. Hata kiitikio cha pili hakijafika, vidole vyake vikawa vinatembea juu ya goti. "Hawa ni wa hapa hapa, mwanangu. Tabora Jazz."

Mjomba alidai kusikiliza mwenyewe, akarudisha pale pa "Segere" mara kadhaa, kisha akampigia mama simu kukubali. Mama alipiga vigelegele simuni.

Bado ubeti wa kwanza haujapatikana. Kama kwenu kuna kaseti za redio za miaka hiyo, tafadhali msizitupe. Mimi niko tayari kuzisikiliza zote.