Ya Muungano au ya corona?

Mdogo wangu alitoka jela mwishoni mwa Aprili 2020, na hata salamu hatujamaliza akaniuliza, dada, hii niliyotolewa ni ya Muungano au ya corona? Mi nikajua jela imeshamvuruga huyu. Kumbe mwenzangu anauliza kitu cha maana kabisa.

Aliingia 2019 kwa kesi ya kokoro, ule wavu wa kuburuta uliopigwa marufuku. Wa kanda ya ziwa hizo habari mnazijua, doria ikikukuta na kokoro huna cha kujitetea, nyavu zinapigwa moto na we unaenda kusimama kwa hakimu, faini au jela. Faini yenyewe inazidi bei ya mtumbwi, na mtumbwi haukuwa wake, na tajiri mwenye kokoro alizima simu siku hiyohiyo. Basi akaenda ndani. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo sherehe za Uhuru zikaletwa kwetu Mwanza, CCM Kirumba, Rais Magufuli akasamehe wafungwa 5,533. Mama kule Igombe amekaa na redio mapajani, mi niko zangu soko la Mwaloni na dagaa wangu, uwanja si mbali na pale kelele zinafika, nikasema leo ndo leo. Vigezo havikumgusa. Mama usiku ule hakula.

Alafu ikaja corona. Machi 16 mgonjwa wa kwanza Arusha, kesho yake shule zikafungwa, huku kwetu kila mlango ukawa na ndoo ya maji na limao likageuka kitu cha matajiri. Nikaenda kumwona mdogo wangu na kifurushi changu, getini nikaambiwa kuonana na ndugu hakuna kwa sasa. Nikageuka nacho.

Wiki hizohizo mama akasikia redioni kwamba Irani imewaachia wafungwa 85,000 warudi makwao kwa muda, kisa corona. Mama yangu shule aliishia la nne ila taarifa ya habari haimpiti. Akanipigia usiku.

"Mayu, wa Irani wametoka. Wa kwetu lini?"

"Mama, Irani ni mbali."

"Corona nayo si ilikuwa mbali?"

Nikakosa la kusema. Basi nikaanza kusoma kwenye simu, bando zangu za mwezi ule zote ziliishia huko, kumbe sio Irani tu. Kenya hapo jirani mahakama zilikuwa zinapitia upya kesi za makosa madogomadogo na watu wanatoka kwa maelfu, Uganda Museveni akasamehe 833, India Mahakama ya Juu ya nchi ikaagiza kila jimbo liunde kamati ya kuangalia nani atoke kwa parole, yaani kutoka kwa masharti. Sababu ni moja kote, jela watu wanalala wamebanana, akikohoa mmoja limekohoa selo zima, ile habari ya kukaa mita moja moja ni ya watu wenye nafasi.

Ila ya Irani ilikuwa na masharti yake. Unaweka dhamana, kama ni kesi ya usalama wa taifa basi kifungo chako kiwe cha chini ya miaka mitano, na ukiitwa unarudi. Kulikuwa na mama mmoja, ana uraia wa Irani na wa Uingereza, Nazanin Zaghari-Ratcliffe, alitolewa gereza la Evin Machi 17 akavalishwa kifaa mguuni, akawa haruhusiwi kuvuka mita 300 kutoka nyumbani kwa wazazi wake Tehran. Huyu dada alinikaa kichwani sijui kwa nini.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Aprili 26 ndo siku ya Muungano, mwaka ule sherehe zilifutwa na hela yake, milioni 500, ikasemwa iende kwenye mapambano ya corona, ila msamaha haukufutwa, wakatajwa wafungwa 3,973 na safari hii akawemo. Kumbe huko ndani habari za Irani zilifika zamani, zimefika zikiwa zimeongezewa chumvi, watu wanaambiana kwamba mtatolewa wote mkae nyumbani, corona ikiisha gari linapita mtaa kwa mtaa kuwarudisha mmalizie. Ndo maana ya lile swali. Nikamwambia ya Muungano, hiyo ya moja kwa moja. Hakuamini. Nikamsomea kwenye simu, akataka nirudie. Ile karatasi yake ya kutolewa akaikunja ndani ya kifuko cha nailoni akaiweka mfukoni, na mpaka kulala analala nayo.

Lakini kazi ilikuwa kumwingiza ndani. Mama aliyelia miezi yote ile alisimama mlangoni kajifunga kanga mdomoni, mikono kaiweka nyuma, anamwambia mwanangu karibu, alafu kwa kidevu anamwonyesha stoo. Stoo! Wazo lilikuwa langu, nilishatoa magunia ya dagaa nikabakiza nyavu chakavu na harufu, nikatandika mkeka na godoro. Siku 14. Chakula kinawekwa kwenye kigoda mlangoni, sahani yake na kikombe chake vina alama ya rangi ya kucha, na jioni mama anamletea sufuria ya nyungu, mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, anafunikwa blanketi humo mpaka anaomba msamaha mwingine. Nchi nzima ilikuwa inajifukiza kipindi kile, kwa hiyo msitucheke.

Majirani ndo usiseme. Mama wa nyumba ya pili, ambaye kamba ya kuanikia nguo tunachangia miaka na miaka, alikuja mchana akatoa nguo zake moja moja zikiwa bado zinachuruzika maji, hajaongea neno, akazianika kwenye michongoma kwake. Siku moja au mbili baada ya mdogo wangu kufika, Waziri Mkuu akataja wagonjwa 480, na baada ya hapo namba za Bara zikakata, kwa hiyo kila mtu akawa anajitungia zake, na kwa hesabu za mtaa wetu mgonjwa wa Igombe alikuwa stoo kwetu.

Siku moja nimempelekea uji, nikataka kumtia moyo, nikamhadithia habari za Nazanin na zile mita 300. Akaweka kikombe chini. Akatoka, akaanza kuhesabu hatua kubwa kubwa kutoka mlangoni kuelekea ziwani, mi nyuma yake napiga kelele rudi ndani we mtoto, yeye anahesabu tu. Mia tatu zilimkuta kwenye mashine ya kusaga. Kutoka pale maji unayaona lakini huyafikii. Akarudi kanuna kweli.

"Sasa dada, huyo mama alitolewa au alihamishwa?"

Alafu akaangalia stoo, akaniangalia na mimi. Sikumjibu. Mama yetu ana pumu na umri umeenda, na pale getini alipotoka hakuna mtu aliyempima, hata leo ikitokea ningemweka stoo vilevile na godoro ni lilelile.

Siku 14 zikaisha. Ikawa imegonga vizuri, katikati ya Mei mwezi unapungua, giza linarudi, na giza ndo msimu wa dagaa, wenye mitumbwi wanatafuta watu kwa tochi. Akapata mtumbwi wa dagaa, taa za sola, nyavu halali, hilo aliuliza kwanza kabla hajauliza malipo. Karatasi yake akaenda nayo ziwani kwenye nailoni.

Asubuhi ya kwanza wamepata vizuri tu, tunaanika mchangani, namwona mama jirani huyo anakuja na sado yake mkononi, barakoa kashushia kidevuni, anacheka cheka, eti mwanangu nipimie hapo nitakulipa mwisho wa mwezi. Mdogo wangu akanyoosha mkono hivi, akamwambia, mama, mita moja tafadhali.

Wote tulicheka, na yeye pia. Sado akajaziwa mpaka kilele. Kulipa hajalipa mpaka leo.