Kwa Peugeot 504 Hadi Milimani

Dada yangu alihitaji meza kubwa, nami nilikuwa nayo. Tukaifungua miguu tukaitia kwenye buti, ubao tukaufunga kwa kamba juu ya kariya, na alfajiri mimi na mpwa wangu tukaanza safari ya milimani. Kuna barabara kuu mpya, pana na iliyonyooka. Mimi nilichukua ile ya zamani, inayozunguka mlima kwa chini kisha kuupanda kona kwa kona. Gari langu na barabara ile ni rika moja, wanaelewana.

Gari lenyewe ni Peugeot 504. Ndilo ninaloendea kazini, ndilo linalobeba magunia na wagonjwa, mvua inyeshe au jua liwake. Halikuwekwa liwe pambo.

Kuliwasha asubuhi ya baridi ni kazi ya mikono miwili na sikio. Unavuta choki, unagusa pedali ya mafuta kidogo, unazungusha ufunguo. Choki hubana hewa inayoingia kwenye kabureta, chombo kinachochanganya hewa na petroli, ili petroli izidi katika mchanganyiko, kwa kuwa injini ikiwa baridi sehemu kubwa ya petroli haigeuki mvuke. Halafu unairudisha polepole injini inapopata moto. Ukichelewa, unasikia mlio umekuwa mzito, kama mtu aliyejazwa chakula mdomoni.

"Mjomba, kwani haijirudishi yenyewe?" mpwa wangu aliuliza.

"Hamna kompyuta ya kuirudisha, mama. Sikiliza, utajua lini."

Akasikiliza. Kufika mwisho wa mji alikuwa ameirudisha yeye mwenyewe, kwa wakati wake hasa.

Kwenye tambarare tulikwenda kilomita 80 kwa saa, vioo vimeshushwa kwa mkono. Mwendo huo katika gari jipya hauhisiwi kabisa. Katika hili unauhisi kwenye usukani, kwenye kiti, kwenye upepo unaopita pembeni ya dirisha. Nguzo za paa ni nyembamba, kwa hiyo unaona nje pande zote. Tuliwaona ndege kwenye majaruba, tukanusa majani yaliyokatwa. Kwangu hapo ndipo utamu ulipo: safari ya kawaida kabisa, na bado umo ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Baada ya daraja lami ilikwisha, mawe yakaanza. Hapo ndipo 504 linapojieleza. Lilizinduliwa Paris mwaka 1968, likiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina, wabunifu wa magari wa Italia, na mwaka 1969 likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Lakini heshima yake kubwa lilijipatia kwenye barabara mbovu. Dereva Ove Andersson alishinda nalo mbio za Safari Rally mwaka 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 la milango miwili lenye injini ya V6, yaani ya silinda sita. Springi zake ni laini na zina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, hivyo tairi linazama shimoni na kutoka huku abiria wakiendelea na mazungumzo yao.

Mawe yale yalikuwa mengi hata hivyo. Katikati ya mteremko injini ikaanza kukosa, ikitetemeka na kupoteza nguvu. Nikaegesha, nikafungua boneti. Chini yake kila kitu kinaonekana: kabureta, koili, distributa, nyaya nne za plagi. Waya mmoja ulikuwa umelegea kichwani mwa plagi kwa mtikisiko. Injini ilipopoa kidogo nikausukuma mpaka ukashika, tukaondoka. Napenda sana jambo hilo. Gari lilisema kinachoniuma ni hiki, nami nikalielewa kwa macho na vidole tu.

Tuliposimama kujaza maji ya kunywa, mzee mmoja alilizunguka gari mara mbili. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akanieleza kwamba naye ana la aina hii hii, amelifunika turubai miaka mingi ili lisichakae. Nilisikitika kwa dhati. Gari kuukuu haliharibiwi na safari kama linavyoharibiwa na kusimama. Petroli inayobaki kwenye kabureta hukauka na kuacha utando wa gundi unaoziba vitundu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kutu inaanza ndani ya silinda za breki. Betri inakufa, sili za mpira zinakauka na kupasuka. Hata kuliwasha dakika chache na kulizima si dawa: kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na bomba la moshi lisipopata moto wa kutosha maji hayo hubaki humo yakilila. Nilimwomba alitoe, alikague breki na mipira, aliendeshe kila wiki. Alinishika mkono kwa nguvu.

Kupanda mlima tulipanda kwa gia ya pili, jicho moja kwenye geji ya joto. Gari hili halina mifuko ya hewa wala breki zinazozuia tairi kujifunga, kwa hiyo mikanda tunaifunga, na umbali ninaouacha mbele ni mkubwa. Halina pia kichujio cha gesi chafu kwenye bomba, ndiyo maana plagi, hewa na kabureta nahakikisha zimepimwa sawasawa. Anayependa gari la zamani ana deni hilo kwa wanaovuta hewa nyuma yake.

Tulifika jua likiwa bado juu, meza nzima, hata mkwaruzo hamna.

Wakati wa kurudi, kwenye tambarare, nilimpa mpwa wangu usukani. Alisumbuka na klachi mwanzoni, kisha mkono wake ukaizoea gia, akanyamaza kwa muda mrefu akitabasamu. Halafu akaniambia anatafuta gari lake la kwanza, na anataka la zamani.

Basi njia nzima tukaongea ukaguzi. Aanze na kutu: ainue mazulia, apapase sakafu, aangalie chini ya milango na mahali springi zinaposhikilia bodi. Injini hufunguliwa na kutengenezwa, bali bodi iliyooza humaliza pesa na moyo. Alikute gari likiwa baridi, aliwashe mwenyewe, atazame rangi ya moshi. Afungue kifuniko cha mafuta ya injini aone kama kuna povu jeupe la maji.

"Na rangi ya gari, Mjomba?"

Nikamwambia abebe sumaku ndogo mfukoni. Inaposhika, chini kuna bati. Inapodondoka kwenye bodi ya chuma, wamejaza puti, ule ute wa kuzibia mashimo kabla ya kupaka rangi.