Tumbo langu baada ya antibiotiki

Mwezi uliopita nilimeza antibiotiki siku 7 kwa ajili ya jino lililotunga usaha. Jino lilitulia, lakini tumbo likaanza vurugu: kuhara, gesi, na uchovu ulionikalisha barazani hapa Langoni, Lamu, mchana kutwa.

Nilipomrudia daktari akanieleza jambo ambalo bado naliwaza. Ndani ya utumbo, hasa utumbo mpana, mnaishi matrilioni ya bakteria, na wengi wao ni wenzetu. Nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, wao huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Hutengeneza vitamini K, huufunza mfumo wa kinga, na huwazibia nafasi vijidudu vibaya. Antibiotiki haichagui, ikipita inawazoa na hao walio wema. (Jamani, msikatize dozi kwa kusoma haya! Mimi niliimaliza na ilinisaidia. Ninachokipinga ni kununua vidonge viwili vitatu kwa kila mafua, na mafua huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui.)

Mama hakungoja. Mbaazi za nazi asubuhi, mchana kunde na mchicha, jioni kikombe cha maziwa ya mgando. Mimi nilishazoea mkate mweupe na soda. Wiki ya tatu choo kikakaa sawa, nikatembea kwa miguu hadi Shela bila kupumzika njiani. Siwezi kuapa kuwa ni chakula tu, pengine mwili ungejirudi wenyewe. Lakini sahani ya mbaazi siiachi tena.