Nyumba ya Mbao Kando ya Ziwa
Kila likizo ndefu, tangu nilipokuwa na miaka 6 hadi nilipofika 13, familia yetu ilihamia katika nyumba ndogo ya mbao kando ya ziwa, ambako sisi watoto wanne tulilala chumba kimoja chenye mlango uliovimba kwa unyevu hata ukawa haufungiki bila kusukumwa kwa bega. Baba alitukataza kuogelea kabla jua halijapanda, nasi tulimwona mkali bure. Nilimwelewa siku niliyopiga mbizi kwa siri: maji ya juu yalikuwa vuguvugu, lakini huko chini baridi ilinibana miguu ghafla, kwa kuwa jua hupasha zaidi tabaka la juu, na maji ya baridi, yaliyo mazito zaidi, hubaki chini. Mama alinifunika blanketi lililonuka moshi, wala hakuniuliza neno.

Vyakula vya huko nimevisahau. Ninachokikumbuka ni mashua yetu kuukuu, iliyovuja mahali palepale kila mwaka, na kopo la bati ambalo mimi, kitindamimba, nilikabidhiwa nichotee maji wakati wakubwa wakipiga makasia. Nilinung’unika sana, ingawa (nakiri) moyoni nilijiona nahodha. Nyumba iliuzwa zamani. Kopo ninalo bado, limeshika kutu ukingoni, nami huwekea misumari.