Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya kufungua msimu wa kulungu, Wisconsin

Niliwaahidi nitaandika kuhusu kazi yangu ya huku mana kila nikiweka picha ya kulungu ametundikwa inboksi inajaa, "we Mtaita umeanza ujangili ughaibuni?" Haya leo nawapa siku nzima. Niko kwenye bucha ndogo kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka mzima tunachinja ng'ombe na nguruwe wa wakulima wa hapa, ila ikifika Novemba kila kitu kinageuka kulungu. Msimu wa bunduki ni siku tisa tu, unaanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving (sikukuu yao ya shukrani), na hiyo Jumamosi ya kwanza ni kama Idi na Krismasi zimegongana barabarani.

Saa kumi na nusu alfajiri. Alamu. Nje ni nyuzi nane chini ya sifuri, theluji imekauka inalia krr krr ukikanyaga. Nakwangua kioo cha gari huku nawaza joto la kwetu Voi, Kenya, halafu napita sheli kununua kahawa na hapo ndo utajua leo ni leo, watu wote wamevaa rangi ya chungwa ile inayowaka kama wafanyakazi wa barabara. Ni sheria, mwindaji lazima aonekane asije akapigwa yeye (tangu 2016 hata pinki inayowaka inaruhusiwa, ila sijawahi kuona mzee wa huku amethubutu). Wanasimama foleni na mifuko midogo ya kupasha vidole moto, sandwichi, na sigara, na mazungumzo ni mafupi mafupi. Upepo unatoka wapi leo. Kaskazini-magharibi. Aah, vizuri kwangu. Unakaa wapi mwaka huu? Pale pale. Hakuna anayesema pale pale ni wapi! Kumuuliza hawa watu wanawindia wapi ni sawa na kumuuliza mvuvi wa Shimoni ametega wapi madema yake, atakuonyesha bahari nzima kwa mkono mmoja.

Saa kumi na mbili niko kazini. Tunanoa visu, tunapanga lebo, tunamwaga chumvi pale nje magari yasiteleze. Bosi anakumbusha jambo lile lile la kila mwaka, namba ya kulungu isitoke kwa kulungu, kila mtu arudishiwe nyama yake, mana ukimpa mtu kulungu wa jirani yake hapa mji mzima utajua kabla ya jioni. Na nyama ya kulungu wa porini huku hairuhusiwi kuuzwa kabisa, sisi tunalipwa kazi ya mikono tu, kuchuna, kukata, kusaga, soseji.

Saa kumi na mbili na nusu, nusu saa kabla ya jua, ndo sheria inawaruhusu kuanza kupiga. Tunatoka nje wote na vikombe vyetu tunasikiliza. Kimya, kimya, halafu pwaa! mbali huko mabondeni. Halafu mwingine. Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi, yeye amewinda tangu mtoto, anatafsiri kama mtangazaji wa mpira: mlio mmoja, nyama. Miwili, labda. Mitatu, mavi matupu. Kukawa na jamaa mmoja upande wa kusini akapiga mitano mfululizo, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika, na bosi akasema huyo namjua na atakuja hapa kununua soseji za nguruwe.

Hadi saa tatu hakuna kitu, halafu pikapu ya kwanza ikaingia.

Sasa niwaeleze hii habari ya maongezi, mana mimi kilichonishika kwenye hii kazi sio kisu, ni maneno. Hawa watu wa huku mwaka mzima hawaongei. Majirani wanapungiana kidole kimoja kwenye usukani, basi. Lakini mpe mtu kulungu mmoja nyuma ya gari atasimama kwenye baridi dakika arobaini anakueleza alivyoamka, alivyosahau risasi akarudi nyumbani, alivyopanda kwenye dungu lake (wana madungu juu ya miti kama yale ya kwetu ya kulinda mahindi na nyani, tofauti sisi tulikuwa tunafukuza mnyama wao wanamsubiri), akasikia majani yanachakarika nyuma yake, moyo ukapanda, akageuka polepoooole, kumbe kindi. Kila hadithi ina kindi! Mnyama mdogo kama panya ana mkia, lakini kwenye majani makavu anatembea kama ng'ombe, na hakuna mwindaji hata mmoja hajawahi kumwelekezea kindi bunduki.

Huyo wa kwanza alikuwa na dume la ncha nane. Huku pembe wanahesabu ncha za pande zote mbili. Na kwa wanaouliza, huyu sio kulungu yule wa kwetu wa milima ya Taita, jina tu tunaazima mana hatuna lingine. Wa kwetu pembe zake zimenyooka na anakaa nazo maisha, wa huku dume pembe zina matawi na zinaanguka kila mwaka wakati wa baridi halafu zinaota upya. Basi ncha nane. Alipomweleza bosi zilikuwa nane. Walipoingia wawili wengine nikasikia "nane, lakini kuna ka tisa kanaanza". Mita za umbali nazo zikawa zinaongezeka, asubuhi sitini, saa nne tisini. Mimi nachuna tu, nacheka ndani ya barakoa.

Kulungu wa asubuhi bado ana joto ndani na hiyo ndo raha pekee ya kazi hii kwenye baridi, vidole vinarudi uhai, ngozi inavuka kama shati. Wakiletwa kesho wameganda usiku kucha utalia. Mafuta yake tunayatoa yote, yanaganda mdomoni kama mshumaa, ndo mana soseji tunachanganya na mafuta ya nguruwe. Na watu wanashtuka sana kwenye kilo. Mnyama wa kilo sitini bila matumbo, ukitoa kichwa, ngozi, mifupa, na pale risasi ilipopasua, ukipata kilo ishirini na tano za nyama safi shukuru. Kila mwaka kuna mmoja anatuangalia kama tumeiba.

Saa tano hivi akaja baba na binti yake wa miaka kama kumi na mbili, kulungu wake wa kwanza, jike. Mtoto ameshika mkono wa jaketi haachii, macho makubwa. Baba ndo anaongea, "akatulia, akashusha pumzi, mita mia moja, risasi moja tu". Mtoto akasema taratibu, "Thelathini, baba." Kaunta nzima ikaangua kicheko, baba mwenyewe akacheka mpaka akavua kofia. Akampa mtoto simu amsajili mnyama, mana siku hizi hawaendi kituoni, unasajili kwa mtandao au kwa simu, mwisho saa kumi na moja jioni ya kesho yake. Mtoto akajaza mwenyewe kila kitu. Nikamuuliza unataka nini, akasema soseji zile nyembamba, zote. Baba akasema na nyama ya kuchoma kidogo, mtoto akasema zote.

Saa sita mchana nikampigia mama, kule Voi saa tatu usiku. Kila mwaka maongezi ni haya haya.

"Na hao wanyama hawana mwenyewe?"
"Wana serikali, mama. Wanakata leseni."
"Na askari wanawaona wamebeba?"
"Wanawaona, wanawapungia."
"Mwanangu, hapa ungekuwa jela ya Manyani saa hizi."

Na ni kweli kabisa. Kenya uwindaji ulifungwa 1977, mimi nimekulia jirani na Tsavo, nyama pori kwetu ni neno unalotamka ukishafunga dirisha. Mara ya kwanza nilipopewa kisu hapa na kulungu ametundikwa mchana kweupe mlango wazi, wallahi nilikuwa naangalia barabarani kama KWS, askari wetu wa wanyamapori, wanakuja.

Saa nane ukazuka ubishi wa ugonjwa. Kuna huu unaitwa CWD, unakula ubongo wa kulungu, anakonda, anadondosha mate, anakufa, na hauna dawa. Hapa Wisconsin uligunduliwa 2002, karibu na Mount Horeb, yaani hapa hapa kwetu. Unaletwa na prioni, aina ya protini iliyoharibika, kitu ambacho hata ukipika hakifi. Hakuna mtu amethibitishwa kuupata, lakini ushauri wa wataalamu ni upime kichwa kabla ya kula, na ukikuta anao usile. Hapo ndo wanagawanyika. Kuna mzee mmoja, sisi tunamwita mzee wa kahawa, hawindi tena magoti yamekataa lakini hiyo Jumamosi anakuja anakaa karibu na hita tangu saa tatu mpaka giza, akasema nimekula miaka yote sijapima hata mmoja, niangalieni. Jamaa wa pembeni akamwambia ndo tunakuangalia mzee, ndo mana tunapima. Kicheko. Mwingine akasema mke wake hafungui friza mpaka majibu yatoke. Mimi nipo upande wa mke. Wanaopima tunawatolea kichwa na kuwawekea stika nyama isubiri, na sioni ubishi unatoka wapi, ni kusubiri tu.

Kutoka ugonjwa wakahamia mbwa mwitu wa kaskazini, eti wamemaliza kulungu wote, kutoka mbwa mwitu wakaingia mwaka 2000, mwaka wa rekodi, zaidi ya kulungu laki tano kwa msimu wa bunduki peke yake, na mzee wa kahawa akasema mwaka huo ulikuwa unawapisha njia ufike chooni. Jumapili Packers, timu yao ya mpira wa Kimarekani, wanacheza kwa hiyo hilo nalo likapewa dakika ishirini. Sikusikiliza.

Saa kumi na nusu jua limezama, na hapo ndo mafuriko. Taa za pikapu mpaka barabara kuu, matrela, watoto wamelala kwenye viti, kulungu hata kwenye buti la gari dogo la saluni mguu unatoka nje. Kati ya saa kumi na moja na saa mbili sina cha kuwasimulia, nilikuwa mashine. Mgongo, maji ya moto, namba, ndoano, namba. Jamaa wa milio mitano alikuja kweli. Alinunua soseji. Hakuna aliyesema neno mpaka alipofunga mlango.

Saa tatu usiku tukafunga. Tukabaki watano kwenye parkingi nyuma ya pikapu ya bosi, bia ziko kwenye theluji hazihitaji friji, na kila mtu akaanza tena yale yale, kindi, upepo, lile dume kubwa la mwaka juzi lililosimama nyuma ya mti likakataa kutoka. Bosi akaniuliza mwakani nitachukua leseni? Nimeshaangalia, aliyezaliwa kuanzia 1973 lazima asome kozi ya usalama kwanza, na mimi nimo. Nikasema labda. Halafu mmoja akauliza, na kwenu je, umewahi kukutana na mnyama?

Nikawaambia kuhusu ndovu. Niko darasa la sita, usiku, ameingia shamba la mama, nimetoka na kurunzi nikidhani ni ng'ombe wa jirani, nikamulika miguu minne kama magogo ya mbuyu. Wakanyamaza wote. Mmoja akauliza, alikuwa umbali gani?

Mita kumi, nikasema.

Mama akisoma hapa atawaambia alikuwa ng'ambo ya reli.