Mtungi wa lita 5 uwanjani Kisauni

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Kocha mmoja wa mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, aliniomba nizungumze na vijana wake kuhusu visu, maana mimi ni muuguzi na nimeshona majeraha ya mapanga mpaka nimechoka. Nikaenda na nasaha za nusu saa na picha za vidonda kwenye simu. Nasaha walizivumilia. Picha walipokezana kama za magoli: "Huyu kapatikana!" Nikarudi nyumbani najiona mjinga.

Lakini kuna kijana wa miaka 15 hivi aliniachia neno. "Dakta, mimi simuui mtu. Namdunga paja tu, ajue." Kazini nalisikia sana hilo. Wanadhani paja ni nyama tupu, kumbe ndani yake umepita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu huweza kufa kwa dakika chache.

Jumamosi iliyofuata nikabeba mtungi wa lita 5, ule wa mafuta ya kupikia, nimeujaza maji yenye rangi nyekundu. Damu ya mtu mzima ni kama kiasi hicho. Ubavuni nilikuwa nimechora mstari panapobaki lita 3. Nikautoboa chini kwa msumari. "Huyu mwenzenu kadungwa paja. Haya, mwokoeni."

Wakaanza kubishana. Mmoja ataka tuktuk, mwingine auliza nani atalipa, wa tatu yuko kwenye simu. Mchanga wazidi kuwa mwekundu. Maji yaliposhuka chini ya mstari nikawaambia, huyu sasa twampoteza. Uwanja kimya, hata wale watundu wa nyuma.

Tukajaza upya. Safari hii mmoja alivua jezi, akaikunja, akaikandamiza tunduni kwa mikono miwili bila kuinua kuchungulia. (Kocha hakufurahi, jezi zilikuwa mpya.)

Sheria niligusia kidogo tu, ila moja iliwashtua: mkipora simu mkiwa wawili, au hata peke yako ukiwa na kisu, huo ni wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na adhabu iliyoandikwa humo ni kifo. "Hata mimi niliyeshika pikipiki tu?" Hata wewe.

Baada ya hapo ndipo walianza kusema ukweli. Wengi wanaobeba kisu ni waoga. Wamesikia wa mtaa wa pili wanabeba. Nilisikiliza zaidi ya nilivyosema, na naona hapo ndipo nilipofaulu.

Yule wa paja alinifuata tukifunga virago. "Na kisu kikiwa bado kimo ndani, nakitoa?" Nikamwambia asikiguse, azungushie nguo, amkimbize hospitali. Sikumuuliza kwa nini ataka kujua.

Siku tatu baadaye mamake akanipigia. Kijana amewakusanya wadogo zake uani na kutoboa mtungi wake wa maji. Ataka nimlipe.