Mtwara hadi Lindi kwa Njia ya Newala: Barabara Inavyoipima Siti ya Pikipiki

Kutoka Mtwara mjini hadi Mnivata ni kilomita 50 za lami, na lami hiyo ndiyo inayokuambia kama siti yako imetengenezwa vizuri, kuliko hata vumbi la mbele yake. Kwenye vumbi unasimama juu ya vikanyagio, unasogea mbele, unarudi nyuma, damu inatembea. Kwenye lami unatulia sehemu moja na uzito wote unaishia kwenye mifupa miwili ya makalio. Siti za kiwandani za pikipiki hizi za lami na vumbi, za ukoo wa Honda XL na Yamaha DT, ni nyembamba na zimeinamia tangi, maana aliyezichora alimfikiria mtu anayesimama mara kwa mara. Nilichagua mzunguko wa Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi na Lindi kwa sababu njia hiyo haibakizi kitu: kuna lami, michepuko, mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde, kisha lami tena.

Kazi ya siti ilifanyika Mtwara kabla ya kuondoka, kwa fundi wa masofa. Mafundi wa siti za bodaboda wapo wengi na mikono yao ni mizuri kwenye kushona, ila fundi wa masofa ndiye mwenye sponji za aina nyingi ndani. Swali lake la kwanza lilikuwa lile ambalo wateja wengi hulijibu vibaya: "Nikuwekee laini, kaka?"

Hapana, fundi. Sponji laini ni tamu kwa nusu saa. Baada ya hapo imeshabonyea yote, umegota kwenye plastiki ya chini, na unene wake haukusaidii tena. Ipime kwa mizani kabla hujanunua: kata mchemraba wa sentimita 10 kila upande, mpe muuza duka aliye jirani auweke kwenye mizani yake ya dijitali. Ukisoma gramu 20 au 25, hiyo ni sponji ya godoro la bei nafuu, iache. Kwa siti tafuta ya gramu 60 kwenda juu. Kwa tabaka la chini kabisa inafaa ile ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa pamoja, yenye madoadoa ya rangi rangi, ambayo mchemraba wake hufika gramu 80 na kuzidi. Uzito peke yake hausemi ugumu, kwa hiyo ukishapima, ibonyeze pia kwa ngumi: inatakiwa ikubali, lakini ngumi isiguse meza.

Upana unapimwa kwa boksi. Weka kipande cha boksi lenye mikunjo ya ndani juu ya benchi gumu, kalia kwa dakika moja huku umeinama kidogo kama unaendesha, kisha inuka. Utaona vishimo viwili. Umbali kati ya kitovu cha kimoja na kingine kwa watu wengi ni kati ya sentimita 10 na 15. Ongeza sentimita 5 kila upande, na huo ndio upana ambao siti yako inauhitaji pale unapokaa. Sehemu ya mbele, karibu na tangi, usiiguse. Ikiongezwa upana, miguu inatanuka, hufiki chini vizuri, na ukisimama siti inakukwaza mapajani.

Siti ikishafunguliwa, pini za stepla hutolewa kwa bisibisi bapa na plaisi, moja moja, ili kava la zamani libaki zima na litumike kama kipimo cha kukatia jipya. Sponji ya kiwanda haitupwi. Fundi aliikata bapa sehemu ya kukalia kwa kina cha sentimita 3 na kupachika sponji ya vipande, nene kidogo upande wa mbele ili ule mteremko wa kuelekea tangini ufe. Hapo pima maji inasaidia sana, pikipiki ikiwa imesimamishwa wima na mtu amekalia. Mbawa, yaani sponji za kuongeza upana pembeni, zilitoka sentimita 3 na nusu kila upande. Mbawa zinazoning'inia nje ya plastiki ya siti bila kushikiliwa hukunjika chini ukikaa, na upana wote unakuwa wa picha tu. Tulikata plastiki ya dumu la lita 20, tukaifunga kwa ribeti kwenye plastiki ya siti kila upande, ndipo sponji ikapata pa kuegemea.

Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, kwa wembamba, na kuachwa dakika kama kumi hadi ikiguswa inanata bila kuchafua kidole. Ikimwagwa nyingi hukauka na kuwa ukingo mgumu ndani ya sponji, na ukingo huo utausikia ukifika Nanyamba. Baadaye tulisawazisha maungio kwa msasa, tukatandika juu ya yote tabaka la sponji ya sofa la sentimita 1, na juu yake nailoni nyembamba ya kuzuia maji yanayopenya kwenye matundu ya sindano. Leza ya kufunikia ilianikwa juani kwanza ili ilainike. Ivutwe kiasi cha kutoa makunyanzi, basi. Ikivutwa mno inaibana sponji pembeni, katikati panapanda mgongo, na mgongo huo ndio unaoleta ganzi. Pini ni za milimita 6. Za milimita 10 hutoboa plastiki na kutokea upande wa pili.

Hivyo ndivyo tulivyotoka Mtwara asubuhi. Hadi Mnivata sikuwa na sababu ya kujisogeza. Mbele ya hapo mkandarasi alikuwa bado kazini, tukawa tunaingia na kutoka kwenye michepuko, mikorosho kushoto na kulia, malori yakiacha vumbi lisilotua upesi. Siti iliyopandishwa sentimita 2 ilionyesha faida nyingine hapa: pembe ya goti inafunguka kidogo kuzidi nyuzi 90, kwa hiyo kusimama ni jambo la kunyoosha miguu tu, hujivuti kwa mikono. Mtu mfupi asiongeze hizo sentimita. Kwenye mchanga, mguu usiofika chini ni hatari kuliko makalio yanayouma.

Tandahimba hadi Newala ni makunyanzi ya barabara, na hapo shokapu ya nyuma ndiyo inayosema. Siti haiwezi kufanya kazi ya shokapu. Springi ikikazwa mno, kila kimkunjo kinapanda moja kwa moja mgongoni, na watu wanailaumu sponji bure. Ukikaa na mizigo yako, nyuma ya pikipiki inatakiwa izame kiasi cha theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu. Isipozama, legeza springi kabla ya kwenda kwa fundi wa siti.

Newala tulisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika na bonde la Ruvuma linafunguka hadi ng'ambo ya Msumbiji. Pikipiki ilibaki juani na leza nyeusi ikawa haikaliki. Chagua rangi ya kijivu au hudhurungi, au beba kipande cha ngozi ya kondoo chenye manyoya yake: kinapitisha hewa, kinakausha jasho, na usiku kinatolewa. Wasio na bajeti ya fundi hutumia tyubu ya baiskeli iliyokunjwa chini ya kava. Inafanya kazi, kwa sharti kwamba upepo uwe kidogo sana, mifupa ikaribie kugusa siti. Ikijazwa, inakuyumbisha kwenye kona.

Mteremko wa kuelekea Masasi ulipita haraka, tukalala huko chini ya vilima vyake vya mawe. Kesho yake ilikuwa lami zaidi ya kilomita 100 kupitia Ndanda, Nanganga, Nyangao na Mtama hadi Mnazi Mmoja, kisha kushoto kwenda Lindi. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa siti. Kila nusu saa nilisimama juu ya vikanyagio kwa dakika moja bila kupunguza mwendo, hata kabla maumivu hayajaanza; ukisubiri yaanze umechelewa, hayaondoki hadi ushuke. Nguo ya ndani yenye mshono mnene katikati nayo inaharibu kazi yote ya fundi. Kaptula ya waendesha baiskeli ndani ya suruali inatosha.

Lindi mjini siti ilifunguliwa tena kukaguliwa, jambo ambalo kila siti mpya inalihitaji baada ya safari ya kwanza, maana sponji hukaa sawa na leza hulegea. Sponji ilikuwa kavu na mbawa hazikuwa zimekunjika. Kona ya nyuma kulia pini mbili zilikuwa zimeachia, kwa kuwa zilipigwa mbali mbali. Zikapigwa nne mpya, umbali wa sentimita 1 na nusu kati ya moja na nyingine, bolti mbili za siti zikakazwa kwa spana namba 10.